Mama wa Kamusi Yuko Hewani

Jumamosi, 7 Juni

Nimejificha tena. Taa nimezima, pazia nimeteremsha, redio kimya. Nimekaa kwenye kiti cha jikoni kama mtu anayedaiwa kodi, na sidaiwi chochote.

Ng'ambo ya ukuta, kwa Mama Brayo, "Panga Herufi", mchezo wetu wa maneno wa runinga, imeanza. Sauti juu kabisa. Felo, mtangazaji wetu, anapaaza: "Jumamosi njema, Kisumu!" Alisema hivyo mwezi wa Mei, siku ya Jumanne, asubuhi, akiwa bado na makombo ya mandazi kwenye tai.

Msimu mzima tuliurekodi wiki ile moja. Nguo nilibeba kwa mfuko wa sokoni. Kati ya kipindi na kipindi naingia chooni, natoka na kitenge kingine, na hapo wiki imepita. Sheila mtayarishaji alituambia wote: mtazamaji anataka kuamini ni mubashara, kwa hiyo midomo tufunge. Mimi alinivuta kando. Mwalimu, wewe unaishi kwa plot, nyumba za kupanga ukuta kwa ukuta, majirani wanakuona. Jumamosi jioni tafadhali usionekane.

Nikaahidi. Mimi nikiahidi nimeahidi.

Sasa nasikia sauti yangu ikisema "limo", maana mimi ndiye ninayekagua maneno kwenye kamusi. Makofi. Watoto wa Mama Brayo wanashangilia. Nyumba yangu giza totoro.

Jumatatu, 9 Juni

Sokoni Kibuye. Watu wanne wamenisalimia kwa jina la Mama wa Kamusi. Hakuna aliyeniuliza naendeleaje. Muuza nyanya aliniambia, "Mwalimu, Jumamosi ulikuwa smart! Ile mbogi ulikataa, vijana walikasirika sana!" Mshindani alikuwa ametunga "mbogi", yaani kundi la marafiki. Vijana wote wanalitumia. Kwenye kamusi yangu halimo. Nilisema halimo, wakazomea, nami nikanywa maji.

Watu wanadhani kazi ni kujua maneno. Kazi ni kufungua kitabu. Hata neno ninalolijua tangu utotoni lazima nifungue, maana Sheila anataka karatasi zisikike kwenye kipaza sauti. Nafungua, natembeza kidole, natua, natabasamu. Nimefundisha Kiswahili hadi nikastaafu na hakuna aliyewahi kunipigia makofi kwa kutembeza kidole.

Nilinunua nyanya. Nimepika ugali mwingi kupita kiasi tena. Mkono haujazoea kupikia mtu mmoja.

Alhamisi, 12 Juni

Achieng' hajapiga.

Niandike sawasawa. Achieng' ni mtoto wangu wa pekee. Yuko Nakuru, ana kazi nzuri, hana muda. Tangu babake afariki alikuwa akinipigia kila Jumapili baada ya kanisa. Tunaongea hadi simu inapata moto sikioni. Tulikuwa tunagombana kuhusu dawa zangu za presha. Nilifurahia ugomvi ule kuliko anavyojua.

Kisha kipindi kikaanza. Jumamosi ya kwanza alituma ujumbe: Mum nimekuona, umependeza sana. Mioyo mitatu. Jumapili hakupiga. Wiki iliyofuata, ujumbe tena. Sasa ndio mtindo. Ananiona, anaridhika, basi.

Ningeweza kumpigia mimi. Nimeshika simu mara kadhaa leo. Nitasema nini? Kwamba yule anayemwona ni wa Mei? Niliahidi. Halafu kuna jambo lingine, naliandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma: napenda anavyodhani mamake yuko sawa. Yule wa kwenye runinga hana vumbi mezani. Namwonea wivu.

Jumapili, 15 Juni

Jana sikutaka kukaa gizani. Nilienda Luanda Kotieno asubuhi, nikavuka kijibarabara hadi boma la Baba Achieng'. Kaburi liko sawa, nyasi zimefyekwa. Shemeji hakuwepo, amevuka kwa feri kwenda Mbita kwenye matanga. Nililala kwa nyumba yetu peke yangu. Panya wamehamia.

Jioni nilishuka ufuoni kutafuta chakula. Hoteli ya mabati, meza mbili, samaki wa kukaanga, runinga juu ya friji. Nimemega ugali, nainua macho, ni mimi. Kitenge cha zambarau. Wavuvi wawili wananitazama mimi wa juu, hawamtazami wa chini.

Mama mwenye hoteli akaniangalia, akaangalia runinga, akaniangalia tena. "Mama, wewe si ule wa kamusi?"

Nikamwambia watu husema tunafanana.

Akacheka. "Kweli, ule yuko Kisumu saa hii. Lakini ule amenona kidogo." 

Nilikula samaki wote hadi kichwa. Hasira hunipa njaa. Nimejikana mwenyewe mbele ya bakuli la mchuzi, mimi ambaye ningemchapa mwanafunzi kwa uongo mdogo kuliko huo.

Ujumbe wa Achieng' ulikuwa unanisubiri mtandao uliposhika: Hiyo zambarau mum! Uko fiti.

Jumatano, 18 Juni

Maji hayajaja tangu Jumatatu. Plot nzima tunasikilizia mifereji. Mama Brayo amesema yakija nimgongee ukuta, naye yakianza kwake atanigongea. Ni mtu mzuri. Ana kelele. Anakaanga samaki hapo getini na kila mteja anamwambia jirani yake ni nani. Lakini hajaingia kwangu tangu msimu uanze. Anasema hataki kunisumbua, mimi ni mtu wa TV sasa.

Hodi yake niliizoea. Alikuwa anaingia bila kungoja karibu, anakaa, anavua viatu, analalamika miguu. Sasa ananipungia mkono kwa mbali kama diwani.

Mvua inanyemelea. Magoti yanauma. Nina upweke. Neno lenyewe limo.

Jumanne, 24 Juni

Naandikia kitandani, hospitalini. Mguu wa kulia umevunjika juu kidogo ya kifundo. Plasta hadi gotini. Nesi amenipa kalamu baada ya kumsumbua tangu asubuhi.

Jumamosi ilikuwa hivi. Nimejificha kama kawaida, giza, nimekaa. Kipindi kimeanza upande wa pili. Mara nasikia mfereji unakohoa. Maji! Nimeinuka haraka kutega mtungi. Taa sikuwasha. Nikiwasha Mama Brayo ataona mwanga chini ya mlango, na mimi niko hewani. Ndivyo nilivyofikiri, kwa akili zangu timamu. Nikafungua mfereji hadi mwisho, nikageuka kutafuta mtungi wa pili, nikakanyaga sabuni au kitambaa, sijui. Nikaanguka. Nilisikia mfupa.

Nilipiga kelele. Nilimwita Mama Brayo kwa jina. Na sauti yangu ilikuwa tayari iko kule kwake, inaeleza maana ya neno "utandu". Wakacheka jambo fulani. Nikaita tena, kwa nguvu zote. Nikasikia mmoja wa watoto akisema, "Mama, Mwalimu anakuita," na mamake akajibu, "Ni TV hiyo, nyamaza tusikie."

Nikanyamaza na mimi. Sijui kwa nini. Kama mwanafunzi aliyekatazwa.

Nililala sakafuni. Maji yalijaa mtungi, yakamwagika, yakanifikia mgongoni. Baridi. Simu ilikuwa chumbani, ikalia mara moja, ule mlio wa ujumbe. Nilijua ni Achieng' na nilijua umeandikwa nini. Nikalia. Upande wa pili nilikuwa nacheka, maana kwenye kipindi kile Felo aliniuliza kama kamusi yangu, kwa unene wake, hulipiwa nauli yake ya kwenda Busia. Kile kicheko changu. Nilikichukia.

Kipindi kilipoisha ndipo Mama Brayo aliona maji yakipita chini ya mlango kwenda kwenye korido. Akaja anafoka. "Nani huyu anamwaga maji yote na watu hawana! Mwalimu! Kwani uliacha mfereji wazi ukaenda kazi?" Nikamjibu. Nikajibu tena. Akamwita mlinzi wa geti wakavunja kitasa. Aliponimulika kwa simu alisimama tu pale mlangoni, maji yamefika kwenye patipati zake.

"Nyasaye wangu, Mungu wangu! Mwalimu, lakini si uko kwa TV?"

Jumatano, 25 Juni

Mama Brayo amekuja na uji na samaki. Amekaa, amevua viatu. Nilimweleza yote: Mei, vitenge, giza. Alinisikiliza mdomo wazi.

"Kwa hivyo Jumamosi zote ulikuwa hapo tu? Karibu na mimi? Na mimi naongezea sauti!" 

Alilia. Kisha alikasirika. Kisha akala nusu ya samaki alioniletea. Nilimwomba asimwambie mtu. Akasema sawa. Namjua. Ile sawa yake si sawa.

Anataka kumpigia Achieng'. Nimekataa. Amesema, "Mficha uchi hazai, Mwalimu." Nimeifundisha methali hiyo miaka na miaka, na ubaoni niliiandika kwa herufi nzuri. Nikamwambia mtoto ana kazi, asisumbuliwe, mfupa utapona wenyewe.

Ukweli ni kwamba naogopa. Nikimwita asije, nitajua. Nisipomwita sitajua. Afadhali nisijue.

Jumamosi, 28 Juni

Wadi ina runinga moja, iko juu karibu na dirisha. Niliwaomba wabadilishe. Bibi wa kitanda cha tano akakataa katakata, hii ndiyo programu yake.

Basi nikajiona. Kitenge cha kijani, kilemba, hereni za marehemu dadangu. Wanawake wote wanane walitazama. Nilivuta shuka hadi kidevuni. Mgonjwa wa pembeni, aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga, akaniambia kwa sauti ya chini, "Huyu mama, pole, anafanana na wewe kama ungekuwa na afya."

Ujumbe ukaingia. Nimeunakili hapa ulivyo: "Mum hiyo green imekushika vizuri! Nikikuona hivyo roho yangu inatulia. Hii mwezi ni kazi tu, nitakupigia ikiisha."

Roho yake inatulia.

Nilianza kujibu. Niliandika, nikafuta. Niliandika nashukuru, nikafuta. Niliandika niko hospitali, nikatazama maneno hayo mawili, nikafuta. Nesi akazima taa ya upande wetu.

Jumapili, 29 Juni

Nimempigia.

Wanakwaya walikuwa wamekuja kuimbia wagonjwa. Bibi wa kitanda cha tano alikuwa na watu sita wamemzunguka, mmoja anamkata kucha. Mimi nilikuwa na ndizi mbili. Nikaona basi, liwalo na liwe.

Alishika haraka. "Mum? Kuna nini?" Tumefikia hapo, nikipiga ni lazima kuna nini.

Nikasema, "Achieng', yule unayemwona si wa leo. Ni wa Mei. Mimi wa leo niko wadini, mguu umevunjika tangu wiki jana. Njoo."

Kwaya inaimba. Halafu akaniuliza, "Kwa hivyo hizi wiki zote nimekuwa nikisalimia picha?"

Nikasema ndiyo.

"Na ukaniacha tu?"

Nikasema ndiyo.

Akakata simu.

Jumatano, 2 Julai

Jumatatu kimya. Jana kimya. Nilikuwa nimejipanga: hatakuja, na ni haki yake, na nitaishi. Nilikuwa nimeanza hata kupanga nitasema nini kwa Mama Brayo ili asimlaumu.

Leo mchana, saa ya chakula, ameingia wadini na begi kubwa. Hakunisalimia. Alikwenda moja kwa moja kwa nesi, akauliza dawa moja baada ya nyingine. Presha? Nani anampima? Mbona hii haijaandikwa? Nesi akamwita madam. Mimi kitandani nilikuwa nafurahi kama mjinga.

Ndipo akanijia. Ana mvi mbili tatu mbele, sikuwahi kuziona kwenye picha zake. Akasema, "Mbona hukuniambia nije?"

"Mbona hukuuliza?"

Akatoa kitana kwenye mkoba akaanza kunichana nywele, kwa nguvu, bila huruma. Nilimwacha. Iliuma vizuri.

Ijumaa, 4 Julai

Niko nyumbani kwangu, mtaa wa Migosi, na magongo. Achieng' ameosha kila kitu ikiwemo vitu visivyooshwa. Tumegombana kuhusu presha, kuhusu chumvi, kuhusu kitasa kipya. Nimelala usingizi ambao sijaulala siku nyingi.

Sheila amepiga. Habari imetoka. Mama Brayo amewasimulia wateja wake wote wa samaki jinsi jirani yake alivyovunjika mguu akijificha kwa ajili ya runinga, na mmoja ameiweka mitandaoni na picha ya mlango wangu. Watu wanacheka kituo. Sheila hakufoka. Ningependelea afoke. Alisema anasikitika kwa mguu. Alisema vipindi vilivyobaki vitaendelea kuonyeshwa kwa sababu vimeshalipiwa matangazo. Msimu ujao watatafuta mtu mwingine wa kamusi. Alisema ofisi imeona hivyo.

Nilimwambia asante. Sijui nilimshukuru kwa lipi.

Imeniuma. Sitajidanganya hapa. Wiki ile ya kurekodi ndiyo ilikuwa wiki yangu ya pekee kwa mwaka ya kuwa na watu: wapodoaji, vijana wa kamera, Felo na mandazi yake. Mtu kukugeukia mbele ya watu na kukuuliza, "Limo?" Na watu wote kungoja jibu lako. Hilo limekwisha.

Mama Brayo amekuja kuomba msamaha na samaki mzima wa mbuta. Nimemwambia akae. Amekaa. Hakuvua viatu, kwa hofu. Nikamwambia avue.

Jumatatu, 7 Julai

Achieng' ameondoka jana baada ya kanisa. Alinitaka niende naye Nakuru. Ana chumba cha ziada, kuna daktari karibu. Nikasema nitafikiria. Wote wawili tulijua maana yake. Kule sitajua jina la muuza nyanya. Na yeye anatoka kazini usiku. Nitakuwa peke yangu tu, ila kwenye baridi.

Alipanga dawa kwenye dirisha. Alipika mboga za siku kadhaa, akaziweka kwenye friji. Mlangoni alinishika mkono muda mrefu. "Haya basi, mum." Nikasema haya.

Nyumba imekuwa kubwa. Nimekaa pale alipokuwa anakaa. Sikuzoea hata alipokuwepo na sasa sijazoea kuondoka kwake. Hiyo ndiyo tabu ya kuita watu. Wanakuja, halafu unaonja, halafu wanakwenda.

Jumamosi, 12 Julai

Mvua ya mchana imepoza mji. Nimeketi mezani, taa inawaka, mlango nimeuacha wazi. Wapita njia wa korido wananisalimia. Hakuna wa kumficha tena.

Mama Brayo aliniita nikatazame kwake pamoja nao. Nilikataa kwa adabu, nikamwambia mguu. Saa moja ilipofika Felo akaitakia Kisumu Jumamosi njema. Nikasikia kicheko changu ng'ambo ya ukuta. Kiti cha jikoni kigumu. Sahani sikuwa nimeitoa. Kula peke yako ni kazi, unaianza ukikumbuka.

Simu ikaita. Si ujumbe. Ikaita kweli.

Nikamwambia Achieng', kipindi kinaendelea, hutazami?

"Kutazama nani?" 

Akaniuliza kama nimekula. Kwa kawaida ningesema ndiyo. Nikasema sijala. Akauliza kwa nini. Nikasema sina hamu ya kula peke yangu. Nilisema hivyo tu, kama mtu anayetaja bei ya sukari.

Nilisikia akivuta kiti. "Basi pakua, weka simu mezani. Hata mimi sijala."

Nikapakua. Mboga zake mwenyewe, za mwisho. Nikaegemeza simu kwenye chupa ya chai. Hatukuongea sana. Aliniambia mchele wake umeungua chini. Mara kijiko kikagonga sahani, mara akakohoa, mara nikamsikia anatafuna. Tangu utotoni hutafuna kwa kelele, na nilimkanya sana. Leo nilisogeza sikio karibu na simu.